Harambee Stars na bao la pili lisilokuja

Kenya iliifunga Moroko. Moroko ikaifunga Tanzania. Tanzania ilikuwa imeshaifunga Madagaska. Madagaska ikaitoa Kenya. Hilo ndilo duara la CHAN iliyochezwa Agosti 2025, na hapa Lamu watu hawajachoka kulizungusha. Pita barazani Langoni baada ya Isha, utawakuta watu wazima na mvi zao, kikombe cha kahawa mkononi, wakigombana juu ya robo fainali ile kana kwamba matokeo bado yanaweza kubadilishwa.

Kwa asiyefuatilia: CHAN ni mashindano ya Afrika ya wachezaji wanaocheza ligi za nyumbani kwao tu. Kenya, Tanzania na Uganda ziliyaandaa kwa pamoja, na kwa Kenya ilikuwa mara ya kwanza kushiriki. Tulipangwa kundi ambalo wengi walilisomea fatiha mapema: Moroko na Kongo ya Kinshasa, kila mmoja akiwa ameshalibeba kombe hilo mara mbili, pamoja na Angola na Zambia. Harambee Stars ikamaliza kileleni kwa pointi 10 kati ya 12. Kisha Ijumaa ya tarehe 22 Agosti, uwanjani Kasarani, Nairobi, ikatolewa na Madagaska kwa penalti 4-3 baada ya sare ya 1-1.

Barazani pana kambi mbili. Ya kwanza inasema vijana wana roho nyepesi. Mechi ikiwa ndogo wanang'ara, ikiwa kubwa miguu inawatetemeka. Kambi hii ina ushahidi wake na haiuonei haya. Kenya ilitangulia kwa bao la beki Alphonce Omija dakika chache baada ya mapumziko, ikiwa nyumbani, mbele ya watu wake, na ikashindwa kulilinda. Wiki mbili baadaye, tarehe 5 Septemba, timu kamili ya taifa, na wachezaji wa nje wakiwemo, ikarudi Kasarani kucheza na Gambia kufuzu Kombe la Dunia. Ikafungwa 3-1. Siku nne mbele ikaifunga Shelisheli 5-0, ushindi ambao haukumsaidia mtu yeyote. Wenye kumbukumbu ndefu wanakwenda mbali zaidi, hadi Kombe la Afrika la 2004 kule Tunisia: tulifungwa na Mali, tukafungwa na Senegali, tukishatolewa ndipo tukaichapa Burkina Faso 3-0. Na mzee mmoja hachoki kutaja fainali ya Michezo ya Afrika ya 1987, Nairobi, Misri ikatufunga bao moja bila jibu nyumbani kwetu.

Kambi ya pili inasema hayo ni maneno ya watu wasiojua kushukuru. Penalti ni bahati nasibu. Madagaska si timu ya kubezwa: ilishika nafasi ya tatu katika CHAN iliyotangulia kule Aljeria, na baada ya kututoa sisi ikaenda hadi fainali, ikafungwa na Moroko 3-2. Na kama tatizo ni roho, wanauliza, ile ya Moroko ilikuwa nini?

Swali hilo lina uzito. Tarehe 10 Agosti Ryan Ogam alifunga kabla ya mapumziko, na kabla hata ya kuingia vyumbani Chris Erambo akatolewa kwa kadi nyekundu. Kipindi cha pili chote Stars walikuwa kumi dhidi ya timu ambayo mwishowe ndiyo ilibeba kombe, na bao halikuingia. Siku tatu kabla ya hapo, dhidi ya Angola, Marvin Nabwani alitolewa mapema kabisa, wakacheza zaidi ya saa moja wakiwa pungufu na wakatoka na sare ya 1-1. Mtu mwenye roho nyepesi hafanyi hivyo mara mbili katika wiki moja. Ukitaka kuwa mkali unaweza kusema kadi zenyewe ndizo dalili ya presha, kwamba kijana aliyetulia haingii na mguu namna ile. Nakubali kiasi. Lakini baada ya kadi, waliobaki walicheza kwa utulivu ambao hatukuuona siku walipokuwa wametimia.

Na hapo ndipo ninapoachana na kambi zote mbili.

Hebu tazama mabao. Kongo, 1-0. Angola, 1-1. Moroko, 1-0. Zambia, 1-0. Madagaska, 1-1. Mechi tano, mabao matano, moja kila mechi, hakuna hata siku moja tuliyofunga mawili. Tulifungwa mawili tu mashindano yote. Hii si timu iliyokuwa ikiyumba. Ukiziweka mechi zile tano mezani, kwa upande wa kufunga zinafanana kama sahani za seti moja. Kilichobadilika ni kile alichokifanya mwenzetu. Mara tatu hakufunga, tukaitwa mashujaa. Mara moja akafunga, tukapata sare na tukasifiwa kwa kuwa tulikuwa kumi. Mara ya tano akafunga kwa penalti, ikaenda matuta, tukaitwa waoga.

Kwa hiyo presha ninayoiona mimi haianzi kichwani. Inaanza mbele, kwenye lango la mwenzako. Timu inayojua kwamba bao la pili halitakuja italinda lile moja tangu dakika ya hamsini, na kila kona, kila mpira wa kurusha, kila refa anapoweka mkono sikioni, roho iko mkononi. Nahodha yeyote wa jahazi hapa Lamu anajua kupita Mkanda, ule mkondo mwembamba wa bahari, maji yakiwa yamekupwa: unaweza kupita, na pengine jana ulipita, lakini usiseme umepita kwa ustadi.

Jambo la ajabu, nalitaja kwa kupita tu, ni kwamba kocha wa timu hii ni Benni McCarthy, mshambuliaji aliyetwaa Ligi ya Mabingwa ya Ulaya na Porto mwaka 2004 na baadaye akawa anawanoa washambuliaji wa Manchester United. Kama kuna mtu wa kufundisha bao la pili, ni yeye. Lakini alikabidhiwa timu Machi 2025, na hakuna anayejenga mashambulizi kwa miezi mitano. Ulinzi hujengwa haraka. Unawapanga watu, unawaambia wasitoke nafasi zao. Kushambulia kunahitaji kujuana.

Kuna jingine, nalo ndilo linaloniumiza zaidi kuliko penalti. Ukiyachunguza matokeo ya mwaka ule, Kenya haishindwi na mechi kubwa. Inashindwa na mechi ambayo inatarajiwa kushinda. Machi, ugenini dhidi ya Gambia, ilisawazisha dakika za majeruhi, 3-3, watu wakapiga vigelegele. Siku tatu baadaye ikarudi Nyayo, uwanja umejaa, ikafungwa na Gaboni 2-1, mabao yote ya Aubameyang. Agosti, Moroko na Kongo zilikuja kama vigogo, tukawasubiri nyuma tukawaumiza. Madagaska ilikuja na sifa ndogo, ikatuachia mpira, ikatuambia: haya, chezeni. Hapo ndipo mtu anapoulizwa nini anajua. Gambia ilifanya vivyo hivyo Septemba. Ukimpa Mkenya adui mkubwa atakukabili. Ukimpa mpira na nafasi na watu nyumbani wanaosubiri sherehe, anaanza kuutazama mpira wenyewe.

Sitaki kuifanya hoja hii iwe nadhifu kuliko ilivyo, kwa sababu mwisho wa mwaka uliiharibu. Oktoba tulikwenda Abidjan kucheza na Kodivaa, adui mkubwa wa kutosha, tukafungwa 3-0, ilhali mwaka mmoja nyuma tuliibana kwa sare tasa. Novemba kule Uturuki, mechi ya kirafiki, Senegali ikatupiga 8-0. Pale hapakuwa na presha ya aina yoyote: hapakuwa na pointi, hapakuwa na kombe, wala hapakuwa na mama mtu jukwaani. Nane zikaingia. Watu wa kambi ya roho nyepesi hawapendi kuitaja mechi hiyo kwa sababu haiingii kwenye hadithi yao. Watu wa kambi ya bahati nao hawaitaji, maana bahati mbaya mara nane hakuna.

Turudi kwenye ile Ijumaa, kwa sababu niliiona kwa karibu. Mechi ilianza saa kumi na moja jioni. Mkahawa niliokaa, kando ya bahari, runinga imewekwa juu ya friji ya soda, ulikuwa umejaa hadi watu wa boda wakatazama wakiwa wamesimama mlangoni. Bao la Omija liliingia Magharibi ikikaribia. Kelele hazijatulia vizuri, adhana ikaanza, na nusu ya watu wakainuka kwenda kusali wakiwa wamebeba 1-0 kifuani. Waliorudi waliikuta 1-1. Kijana mmoja alibaki amesimama na viatu mkononi akiuliza, "Ami, kumetokea nini?" na aliyeulizwa, mtu mzima, hakutaka hata kumsimulia habari ya penalti, alimwambia kaa tu, mwanangu, utaona mwenyewe.

Nililolitazama mimi ni nyuso za waliobaki kati ya bao letu na lao. Hakuna aliyekuwa akicheka. Tulikuwa mbele nyumbani, katika mashindano ambayo hatukuwa tumepoteza hata mechi moja, na watu walikuwa wakihesabu dakika kama wagonjwa. Sisi tusiocheza tulikuwa tumeshajua kwamba la pili halipo. Sembuse wao. Saa mbili usiku baadhi yetu tulikuwa palepale tukiiangalia Tanzania nayo ikifungwa na Moroko 1-0, na kesho yake Uganda ikafungwa na Senegali 1-0. Wenyeji watatu, wote nje katika hatua ileile. Mwenye kutaka kusema ni laana ya uenyeji anaweza. Mimi naona timu tatu ambazo katika robo fainali zilipata, kwa jumla, bao moja.

Ahadi nazo zimesemwa sana. Rais aliahidi kila mchezaji shilingi milioni moja kwa kila ushindi, na kabla ya robo fainali ikaongezwa nyumba ya vyumba viwili. Wapo wanaosema ndiyo iliyowatia kiwewe: unapiga penalti huku unaona paa. Wengine wanajibu kwamba mchezaji wa ligi yetu, ambaye mshahara wake hucheleweshwa kila mara, hawezi kudhurika kwa kuahidiwa pesa. Mimi niko na hawa wa pili, kwa sababu rahisi tu: ahadi ya milioni ilikuwepo pia siku ya Moroko na miguu haikutetemeka. Mashabiki je? Baada ya watu kuingia Kasarani kwa nguvu, CAF, shirikisho la soka la Afrika, ilipunguza idadi hadi 27,000, kwa hivyo anayedai kelele za uwanja uliofurika ndizo ziliwalemea aangalie tena viti vilivyobaki wazi.

Hoja ya kambi ya pili ambayo sina jibu lake ni hii ya watu kubadilika. Kikosi cha CHAN ni cha ligi ya nyumbani. Septemba wanaingia wa nje, nusu ya waliozoeana wanakaa benchi. Ogam mwenyewe, aliyetufungia dhidi ya Moroko na Zambia, mashindano yalipokwisha alikuwa ameshapata timu Austria, Wolfsberger. Ni heri yake na wazazi wake. Lakini unaidai vipi timu uthabiti wakati kila miezi miwili ni timu nyingine yenye jezi ileile? Waliotandikwa na Senegali si wale waliomzuia Moroko, au si wote. Tunalaumu jina.

Hata hivyo siwezi kuwaachia hapo, kwa sababu tabia hii naiona hata kwa watoto. Simama jioni pembeni ya uwanja wa Twaif wakicheza vijana wa miaka kumi na minne. Timu ikipata bao la kwanza, sauti ya kwanza kutoka kwa kocha wao ni "Rudini! Rudini!" Beki anayeutuliza mpira na kutafuta wa kumpa anakemewa, anayeupiga ukavuka ukuta anapigiwa makofi. Kijana huyo akifika timu ya taifa, ikiwa atafika, amefundishwa kwa miaka kumi kwamba kuongoza ni hatari ya kuivumilia. Kisha tunashangaa dakika ya sabini anapofanya kile tulichomfundisha.

Kombe la Afrika la 2027 limepewa nchi hizihizi tatu. Kenya itacheza nyumbani tena, na bila shaka itapangiwa angalau timu moja ya aina ya Madagaska, yenye jina dogo na subira kubwa. Kabla ya hapo pana mechi nyingi ndogo ambazo hakuna atakayezijadili barazani. Mimi katika hizo sitaangalia matokeo. Nitasubiri tuwe mbele kwa bao moja, saa ifike dakika ya sitini, nione McCarthy anamwingiza beki au anamwingiza mshambuliaji.