Meza za wachoraji zirudi ukumbini

Jumatatu usiku waandaaji walituma ujumbe kwenye kundi letu la WhatsApp. Mwaka huu, katika tamasha letu la hapa Mombasa la mashabiki wa katuni, anime za Kijapani na michezo ya video, wachoraji hawatakaa ndani. Watawekewa tenti nyuma, upande wa maegesho ya magari. Ukumbi watapewa wadhamini, pamoja na jukwaa la watu mashuhuri wa TikTok. Bei ya meza nayo imepanda maradufu. Sababu waliyotoa ni kwamba tamasha limekua.

Nimekasirika tangu siku hiyo na hasira haijapoa, ndiyo maana naandika.

Kukua sina ugomvi nako. Sisi tulioanza nalo tunakumbuka darasa la kuazima, feni moja, projekta iliyokuwa ikizima kila umeme ukiyumba, na vijana wenye deraya za makaratasi ya maboksi waliovuka Likoni kwa feri huku abiria wakiwakodolea macho. Tulikuwa tunajuana wote. Mwaka uliofuata tukaanza kuona nyuso ngeni, kisha wakaja kina mama na watoto wao, kisha wakatokea watu wa Malindi na Voi. Nilifurahi kila watu walipoongezeka, na hata leo nikiona foleni mlangoni moyo wangu unachangamka. Kwa hiyo asije mtu kuniambia kwamba nalilia enzi ambapo mambo yalikuwa madogo.

Ninachopigania ni meza.

Kuna binti wa Kisauni aliyekuwa akikaa meza ya tatu kutoka mlangoni. Anachora hadithi ya msichana anayesikia maneno ya milango ya kuchonga ya Mji wa Kale: kila mlango una siri ya nyumba yake, na mmoja umeamua kusema uongo. Anachora kwa kalamu, anakwenda saiba kuskani, anatoa kopi, anazikunja mwenyewe na kuzibana kwa stepla, halafu jalada analipaka rangi kwa mkono, nakala moja baada ya nyingine. Ukiishika unaona alama ya kidole chake pale wino ulipokuwa haujakauka. Mwaka jana nilikuwa karibu yake alipokuja mtoto wa kiume, umri wa darasa la nne hivi, akachukua nakala akaanza kusoma amesimama. Hakuna aliyemfukuza. Alisoma polepole, midomo ikichezacheza, watu wakimpita huku na huku, mpaka ukurasa wa mwisho. Kisha akauliza, "Dada, sehemu ya pili iko wapi?"

"Bado naichora, mdogo wangu."

"Itakuwa tayari lini?"

Mtoto yule alikuwa anadai. Alimdai mchoraji wa Mombasa hadithi ya Mombasa, kwa Kiswahili, kama anavyodai sehemu mpya ya anime anayoipenda. Kwangu mimi tamasha zima ni hapo, na mengine yote ni mapambo. Sasa mnataka kuihamisha meza hiyo nje, kwenye upepo wa kusi na mvua ya ghafla, kazi za karatasi zipeperuke kati ya matairi ya magari, ili mahali pake ulale mkeka wa matangazo wa kampuni ya simu ambayo maduka yake yamejaa kila mtaa.

Wenzetu wametangulia katika njia hii, na tunaona walikofika. San Diego, Marekani, tamasha kubwa la kwanza la katuni, lile la Comic-Con, lilifanyika tarehe 1 hadi 3 Agosti 1970 katika hoteli ya U.S. Grant, na walihudhuria watu kama 300. Walioliandaa ni Shel Dorf na kundi la vijana wadogo sana kwa umri, na mmoja wa wageni wao alikuwa Jack Kirby, mtu wa kalamu na karatasi. Mwaka 1976 wakaja watu wa Lucasfilm kuitangaza Star Wars, ambayo ilikuwa bado haijatoka. Walikuja na picha na mabango, kwa unyenyekevu kabisa, kuwaomba mashabiki waipe nafasi filamu yao. Mwaka 1991 tamasha likahamia kwenye jumba kubwa la mikutano la mji ule, na siku hizi huhudhuriwa na watu zaidi ya 130,000. Ndani yake kuna ukumbi unaoitwa Hall H unaoingiza watu zaidi ya 6,000, na mashabiki hulala nje usiku kucha wapate kiti humo, wamwone mwigizaji kwa mbali na kutazama vipande vya filamu itakayoletwa sinema miezi michache baadaye. Na mwaka 2017 Mile High Comics, wauzaji wa vitabu vya katuni waliokuwa wakienda pale kwa miaka 44, walifunga virago, gharama zikiwa miongoni mwa sababu zao.

Miaka 44! Watu waliokuwapo tangu vitabu vya katuni vikiwa ndiyo shughuli yenyewe waliona nafasi yao hailipi tena. San Diego bado wanatenga eneo la wachoraji na la wachapishaji wadogo, hilo nawapa, na wanastahili sifa kwa hilo. Lakini muulize mtu yeyote wa hapa anachokijua kuhusu tamasha lile. Atakutajia filamu.

Mwaka huohuo wa 2017 Lupita Nyong'o wetu alikwenda kule kwa ajili ya filamu yake. Akavaa barakoa ya Power Ranger wa waridi, shujaa wa televisheni, akajitosa miongoni mwa watu, akazunguka kwenye vibanda asijulikane. Mtu aliyekuwa na nafasi yake jukwaani, mbele ya maelfu, alitaka kutembea kati ya meza kama shabiki yeyote. Nilimpendea hilo kuliko filamu yenyewe.

Wanaodai kwamba tamasha likikua ni lazima liende njia ya San Diego waitazame Tokyo. Komiketi, tamasha la katuni la kule, ilianza Desemba 1975 kwa vikundi 32 na watu kama 700. Walioianzisha walikuwa mashabiki waliokerwa na tamasha kubwa la wakati ule, ambalo lilimfungia mlango shabiki aliyelikosoa. Wakaona waandae la kwao, mahali ambapo mtu analeta kitabu alichokichora na kukichapa mwenyewe, anakiweka mezani, anauza. Wazo lenyewe ni hilo tu, na halijabadilika hadi leo. Katika msimu wa baridi wa 2019 ilichukua siku 4, na mahudhurio ya siku zote yakijumlishwa yalifika kama 750,000. Meza ni za vikundi makumi ya maelfu, na wanaoomba huzidi nafasi, kwa hiyo kunapigwa kura. Makampuni yapo, yana eneo lao. Kazi ya kuendesha shughuli hufanywa na watu wa kujitolea. Katika kanuni zao hakuna mteja: anayeuza, anayenunua na anayepanga foleni wote huhesabiwa washiriki. CLAMP, wale kina dada ambao manga zao, yaani vitabu vyao vya katuni, mmezisoma karibu nyote mnaonisoma hapa, walianza kama kikundi cha kuchapa kazi zao wenyewe namna hiyo.

Kwa hiyo tusidanganyane kwamba ni ukubwa unaowatoa wachoraji nje. Komiketi imeizidi San Diego kwa wingi wa watu na meza bado ndiyo shughuli. Kinachowatoa ni uamuzi wa watu wanaokaa kwenye kikao na ramani ya ukumbi mbele yao. Kalamu iliyochora ramani hiyo ndiyo inayoweza kuifuta.

Najua jibu litakalokuja, kwa sababu mmoja wa waandaaji amekwisha kulituma kwangu binafsi: pesa. Ukumbi unakodiwa, jenereta inakodiwa, spika, walinzi, vyoo vya kuongeza, na meza za wachoraji hazilipi hata robo ya hayo. Haya, nakubali. Nimewahi kusaidia kukusanya michango, na ninajua uchungu wa kupiga simu ishirini ukaahidiwa na wawili. Mdhamini anahitajika, na akitoa pesa zake apewe bango, apewe jukwaa, atajwe kila baada ya nusu saa. Lakini mdhamini amefuata umati, na umati umekuja kwa sababu kuna kitu hapa usichokipata dukani. Mkikiondoa kitu hicho mnauza nini mwaka ujao? Jukwaa la TikTok kila mtu analo mfukoni.

Wapo pia wale wanaotuambia kila mwaka kwamba mambo haya ni ya Wajapani na Wazungu, yaondolewe Pwani. Hao nawajibu kwa jina moja: Juma Bhalo, mwimbaji wetu wa taarab. Alichukua mahadhi ya filamu za Kihindi, akayatilia maneno ya Kiswahili, na harusi za Mombasa zikaimba. Nani leo atasimama aseme taarab ile haikuwa yetu? Mji huu ulijaza sinema za Regal na Naaz kutazama filamu za Bombay, ukatoka humo na nyimbo zake wenyewe. Binti wa Kisauni amesoma manga, akatoka na milango ya Mji wa Kale. Ni kazi ileile, na inahitaji mahali pa kukaa.

Wala nchi hii haikuanza jana kuchora. Wazee wetu walifungua gazeti la Taifa Leo wakianza na kibonzo cha Juha Kalulu cha Edward Gitau kabla ya habari za siasa. Mwaka 2010 Shujaaz likatoka kama jarida la vibonzo la bure na likawafikia vijana ambao hawakuwa na shilingi ya kununulia kitabu. Wasomaji tunao. Nairobi wana tamasha lao la katuni, NAICCON, na kila mwaka vijana wetu wenye nauli hupanda treni Miritini kwenda kuonyesha kule kazi walizozichorea huku. Inaniuma kuona kijana akasafiri karibu kilomita mia tano kutafuta meza.

Jambo moja zaidi kuhusu mikono, kwa sababu waandaaji wamesema kosplei, yaani kuvaa kama wahusika wa hadithi, haitaguswa, itabaki ukumbini, na wengine wameridhika na hilo. Kosplei nayo ilianza kwa mtu aliyeshona. New York, mwaka 1939, katika kongamano la kwanza la dunia la mashabiki wa hadithi za sayansi, Forrest Ackerman alivutia macho kwa vazi la watu wa siku zijazo, na aliyelishona, lake na la Ackerman, ni Myrtle Douglas. Huku kwetu kuna fundi mmoja karibu na Biashara Street ambaye vijana humpelekea picha kwenye simu. Nilimkuta siku moja ameipanua picha kwa vidole viwili, anahesabu mikunjo ya joho. Akamuuliza kijana, "Mwanangu, huyu bwana joho lake lina bitana ama halina?" Kijana hakujua. Wakaitazama video pamoja, wakairudisha nyuma, mpaka joho likapeperuka na bitana nyekundu ikaonekana. Fundi akacheka kwa furaha kama aliyepata fedha. Mtu kama huyu angepewa meza, akakaa na cherehani yake, watoto wakamwona anavyokata kitambaa, ningelipa kiingilio mara mbili. Hakuna aliyewahi kumwalika.

Muziki upunguzwe, watu hawasikilizani. Shindano la kosplei lisiwekwe tena wakati wa Magharibi. Maji ya kunywa yawepo ndani.

Na kuhusu meza, ninachoomba ni hiki. Wachoraji warudi ukumbini, safu ya kwanza, upande wa mlango mkuu, ili kila anayeingia apite kwao kabla ya kufika jukwaani. Bei irudi ilipokuwa mwaka jana. Wakizidi nafasi, ipigwe kura hadharani, na kipaumbele kisitolewe kwa wingi wa wafuasi mtandaoni. Wadhamini wakae pande mbili za jukwaa, ambako kamera zitawapiga picha wanazozitaka.

Waandaaji wakikataa, ukumbi wa Tononoka upo. Nimeshazungumza na wachoraji kadhaa na hakuna aliyesita. Tutafanya likizo ya Desemba, wanafunzi wakiwa nyumbani, mchana tu, bila jukwaa. Viti tutaazima kwa watu wa harusi. Fundi nitamwendea mwenyewe. Anayetaka meza aje na kitu alichokichora kwa mkono wake, hata kama ni kurasa nane za kopi zilizobanwa kwa stepla, na binti wa Kisauni, tafadhali, malizia sehemu ya pili.