Usiulize Maji Yanaingilia Wapi, Uliza Yanaingia Lini

Mwenye boti akikuta maji kwenye ngama, yaani sakafu ya chini kabisa ndani ya boti, hukimbilia dukani kununua silikoni. Yakirudi, hununua pampu kubwa zaidi. Ushauri huo hutolewa bure gatini, na thamani yake ndiyo hiyo hiyo.

Nazungumzia boti za faiba zenye injini ndani, tezini (upande wa nyuma), na mguu wa propela uliotokeza nje. Mtindo huu uliingia sokoni mwaka 1959 kwa mkono wa Volvo Penta, nao una raha yake: mguu unainuliwa ukifika kwenye maji mafupi. Lakini ili mguu upite, ukuta wa tezi umekatwa tundu kubwa, tena chini ya usawa wa maji. Kinachoizuia bahari pale ni raba zenye mikunjo na klipu zake, basi. Jahazi la mbao lililokaa juu muda mrefu litavuja siku likishushwa, kisha mbao zitavimba na kujifunga zenyewe. Faiba haina huruma hiyo.

Ndiyo maana mimi huanza na saa, si tochi. Kausha ngama hadi kwa sponji. Iache boti nangani usiku kucha, injini imezimwa, na mtu awe macho juu yake maana pampu nayo umeizima. Asubuhi ukikuta maji, na mvua haikunyesha, yameingilia kwenye kitu kilichomo majini muda wote: raba za mguu, gasiketi ya tezi, vali ya kuvutia maji, au nguruzi, kile kizibo cha tundu la kutolea maji ya ngama. Kukiwa kukavu, washa injini hapo hapo gatini. Maji yakianza sasa, lawama ni ya mfumo wa kupoza: pampu ya maji ya bahari, mipira yake, viwiko vya ekzosi vilivyoliwa na kutu. Kukavu bado? Toka, nenda mbio, kisha chunguza matundu yaliyo juu ya usawa wa maji, yanayolowa boti ikibeba mzigo au ikipigwa na wimbi.

Mtuhumiwa ninayempenda kuliko wote ni pampu yenyewe ya ngama. Mpira wake wa kutolea maji ukitokea chini sana ubavuni, boti ikijaa watu, barafu na samaki, tundu lile huzama. Pampu ikizima, maji hurudi kwa mpira ule ule, kimya kimya. Sasa mwenye boti ananunua pampu kubwa, anaweka mpira mpana zaidi, na maji yanarudi kwa kasi zaidi! Dawa ni kuupandisha mpira hadi karibu na sitaha, uwe na tundu la hewa pale juu, ndipo ushuke kutoka nje.

Wanaotegemea pampu wafanye hesabu. Tundu la nguruzi lenye upana wa sentimita 2.5, likiwa sentimita 30 chini ya maji, huingiza lita 40 hivi kila dakika. Betri itachoka kabla ya bahari.

Raba ya shafti, ile inayofunika shafti inayotoka kwenye injini kwenda kwenye mguu, ndiyo ya kuogopa. Ikipasuka, maji hupita kwenye beringi inayoshikilia shafti hiyo na kuingia chomboni, na beringi ikishaota kutu utasikia mngurumo ukikata kona. Ukiikagua mguu ukiwa umeshushwa utaapa ni nzima, kwa sababu mpasuko hujificha ndani ya mkunjo. Inua mguu hadi mwisho, uzungushe kushoto, kisha kulia, na upitishe kidole kila mkunjo. Vile viumbe vya magamba vinavyoganda chini ya boti hupenda kuota humo, na kila raba inapojikunja vinaikata.

Sisi wa pwani tuna bahati ya bamvua, siku ambazo bahari hujaa na kupwa sana. Inua mguu, iache boti ipwelewe mchangani, kisha badala ya kufua maji (kuyatoa), yamimine ndani ya ngama. Lala chini utazame yanatokea wapi. Koma kabla hayajafikia stata, na ukumbuke kila lita ni kilo moja. Injini usiiguse: impela, ile feni ya raba ndani ya pampu ya maji ya bahari, bila maji haimalizi hata dakika chache. Ndani, nyunyiza poda ya mtoto kwenye ngama kavu. Tone la kwanza litaacha njia yake. Ukiona unga mweupe wa chumvi chini ya klipu, huna haja hata ya poda, hapo pamekuwa pakidondoka na kukauka siku nyingi.

Silikoni naichukia kwa sababu nyingine pia. Huacha utelezi kwenye faiba usioshika gundi yoyote itakayofuata, na fundi atakayekuja kuukwangua utamlipa wewe. Tena kuipaka kwa ndani ni kazi bure, kwani bahari inasukuma kutoka nje.

Ikigundulika ni raba, ndipo ubishi wa bei huanza. "Fundi, si uweke hiyo moja tu iliyopasuka?" Hapana, bosi. Kazi kubwa ni kuushusha mguu, na ukishashuka zote ziko mbele yako: ya shafti, ya ekzosi, ya waya wa gia, na zote zina umri mmoja. Beringi nayo naizungusha kwa kidole, ikikwaruza, inatoka. Anayetaka moja tu atafute fundi mwingine.