Nani aliwapa wanafunzi wa Mlimani mrengo wao?

Wapo wanaoshikilia kwamba wahadhiri wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, yaani Mlimani, ndio waliowavuta wanafunzi wao kwenye mrengo wa kushoto miaka ya 1960 na 1970. Dai hilo si la kupuuzwa. Oktoba 22, 1966, wanafunzi waliandamana kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa, na bango mojawapo lilisema afadhali ukoloni. Mwalimu Nyerere akawafukuza zaidi ya 300, kisha akajikata mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Machi 1978 wanafunzi wa Mlimani waliandamana tena, safari hii wakipinga viongozi kujiongezea mishahara na marupurupu. Nao wakafukuzwa. Wa kwanza walitetea maslahi yao. Wa pili walihoji maslahi ya wakubwa. Katikati ya miaka hiyo 12 alifundisha hapo Walter Rodney, mwanahistoria wa Guyana wa mrengo wa kushoto, na somo la Maendeleo likawa la lazima kwa kila mwanafunzi.

Hapo wakosoaji wana hoja, nami naikubali. Somo la lazima lenye mtazamo mmoja, likisahihishwa na mwenye mtazamo huohuo, humzoesha kijana kuandika kile mwalimu anachotaka kusoma. Ndiyo maana nathamini mdahalo wa 1970 katika Chuo Kikuu cha Makerere, Uganda, Rodney alipojibizana hadharani na Ali Mazrui, msomi aliyetazama siasa kwa jicho jingine kabisa. Aliyekuwamo ukumbini alilazimika kupima mwenyewe.

Lakini vijana wale hawakuwa udongo wa mfinyanzi. USARF, umoja wa wanafunzi wanamapinduzi, waliuanzisha wenyewe mwaka 1967, mwenyekiti akiwa Yoweri Museveni. Walisomeshana siku za Jumapili, mahali pasipo mtihani wala cheti, na wakachapisha jarida lao, Cheche. Humo Issa Shivji, mwanachama kijana, alidiriki kuuchambua ujamaa wa Tanzania wenyewe na kuuona una kasoro. Hilo hawakuagizwa na mhadhiri yeyote. Wala mrengo wa ujanani haukuwafunga maisha: Museveni huyohuyo, akiwa Rais wa Uganda, alikubali masharti ya Shirika la Fedha la Kimataifa.

Novemba 1970 USARF na Cheche vilipigwa marufuku kwa madai ya kuleta itikadi za kigeni. Aliyepiga marufuku hakuwa wa mrengo wa kulia. Ilikuwa ni serikali ya Azimio la Arusha.