Yamalizeni wenyewe: suluhu humfaa nani?

Kanda ya Ziwa ugomvi mwingi hauendi mbali. Watu wakikorofishana, wawe mke na mume wa Igoma au tajiri wa mitumbwi na vijana wake kisiwani Ukerewe, wazee huwa na neno moja: yamalizeni wenyewe. Anayekimbilia polisi anaonekana mkorofi hata kama ndiye aliyeonewa. Upande wa pili wapo wanaosema utaratibu huu umegeuka kichaka cha wakosaji, na kwamba haki haitafutwi kwa kupeana mikono mbele ya mjumbe, inatafutwa mahakamani.

Nianze na watetezi wa suluhu, maana hoja yao ni nzito kuliko wanavyopewa sifa. Mahakama humpa mmoja na kumnyima mwingine, kisha wote wawili wanarudi kuishi mtaa uleule na kuzikana. Kesi ya mpaka wa shamba inaweza kula nauli nyingi kuliko thamani ya hatua tatu za ardhi zinazogombewa. Hata sheria imekubali hilo. Mwaka 2021 mabaraza ya ardhi ya kata yaliondolewa uwezo wa kutoa hukumu, yakabakiziwa kazi ya kusuluhisha. Yakishindwa ndani ya siku 30, mlalamikaji anaweza kwenda baraza la ardhi na nyumba la wilaya. Nayo Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, ukiacha mazingira machache iliyoyataja, hairuhusu ombi la talaka kupelekwa mahakamani kabla baraza la usuluhishi la ndoa halijathibitisha kwamba limeshindwa kuwapatanisha wanandoa.

Lakini suluhu si kitu kimoja. Chukua ugomvi wa mgao, ambao kwenye mialo, yaani fukwe wanakoshushia samaki, hauishi. Samaki wakishauzwa, tajiri anakata kwanza gharama: petroli, chakula cha kambini, matengenezo ya injini na nyavu. Kinachobaki ndicho kinagawanywa kati yake na wavuvi, kwa kiwango kinachotofautiana kambi kwa kambi. Tatizo liko kwenye daftari. Anayeliandika ni msimamizi wa tajiri. Kijana aliyekesha ziwani anaambiwa kilo zimeuzwa bei hii, petroli imekula kiasi hiki, na lile deni la mwezi uliopita bado lipo. Akibisha, wanaitwa watu wazima wa mwaloni, wanakaa juu ya mtumbwi uliopinduliwa, wanamsikiliza, kisha wanamwambia asivunje riziki yake kwa shilingi elfu kumi. Anaomba msamaha. Jioni anapanda mtumbwi.

Je, hapo ugomvi umetatuliwa? Kelele zimekwisha, hilo ni kweli. Ila kijana hakuwa na namna ya kusema hapana, kwa sababu deni linamfunga na kambi ni ya tajiri. Nimewahi kusikia msimamizi mmoja akijisifu kwamba kambini kwake hakuna kesi. Sikumwamini. Kambi isiyo na kesi hata moja inanitia shaka kuliko yenye tatu, kwa sababu wavuvi wasioweza kudai mezani wana njia nyingine: samaki wanauzwa kimyakimya majini kabla ya kufika mwaloni, nyavu zinapotea, injini inaharibika bila maelezo. Suluhu iliyolazimishwa huvuja.

Kwenye ndoa ni hivyohivyo, na gharama yake ni mwili wa mtu. Sheria ileile ya 1971 inasema wazi kwamba hakuna mwenye haki ya kumpiga mwenzi wake. Bado mke aliyepigwa anaitwa kwenye kikao cha ukoo, anakalishwa mkabala na mume, mashemeji wamejaa, na anaulizwa mbele yao wote kama anataka kuvunja nyumba. Atajibu nini? Ndugu zake wenyewe wanahesabu ng'ombe wa mahari watakaodaiwa warudishwe. Kikao kama hicho kinawafaa wanandoa wanaogombana kuhusu ada ya shule au mkwe asiyeondoka. Kwa ngumi, hapana. Katika hilo nawaunga mkono watetezi wa mahakama bila kusitasita.

Kwa hiyo mimi sianzi na swali la nani mkosaji. Naanza na mengine mawili: anayeonewa anaweza kuikataa suluhu hiyo na kesho akaendelea kuishi? Na yule mwenye uwezo wa kuivunja, yupo kwenye kikao? Nimeyajaribu kwenye ugomvi wa mataifa, na Mwanza imeuona kwa karibu.

Tanzania na Uganda zilishapatanishwa. Septemba 1972 wafuasi wa Obote, rais aliyepinduliwa na Idi Amin, waliingia Uganda kutokea Tanzania wakashindwa, na mwezi uliofuata, mjini Mogadishu, nchi hizo mbili zikakubali kurudisha majeshi nyuma kilomita 10 kutoka mpakani. Makubaliano yale yalinunua miaka sita, na miaka sita bila vita si kidogo. Oktoba 1978 jeshi la Amin likaingia Kagera, na Amin akatangaza kwamba eneo lile ni lake. Baadaye akapendekeza yeye na Nyerere wamalizane ulingoni, Muhammad Ali awe refa. Umoja wa Nchi Huru za Afrika ulihimiza mazungumzo. Nyerere akakataa kusimamisha vita bila mvamizi kulaaniwa. Machi 1979 ndege ya kivita ya Libya, iliyomsaidia Amin, ikaja kupiga Mwanza. Mabomu yakaangukia kisiwa cha Saanane na kuua wanyama wa hifadhi. Kampala ilitekwa Aprili 11.

Wapo wanaoitumia historia hiyo kusema kwamba mkorofi haelewi lugha nyingine. Nakubali kwamba pale palihitajika kupigana. Lakini wanasahau bili: nchi ilitumia mamia ya mamilioni ya dola, wananchi wakaambiwa wafunge mkanda miezi 18, na ilipopita hali ilizidi kuwa ngumu. Uganda yenyewe haikutulia. Miaka ya themanini ilizama tena kwenye vita vya wenyewe kwa wenyewe.

Mfano wa pili hautajwi sana, ingawa ulitokea hapahapa mjini. Mwaka 1996 Nyerere aliwaita Mwanza wanasiasa wa Burundi, wa vyama vya Frodebu na Uprona, wazungumze. Walizungumza zaidi ya mara moja. Kundi la waasi la CNDD halikuwemo, na wakuu wa jeshi hawakuwa wamejifunga kwa lolote. Julai 25 mwaka huohuo Pierre Buyoya, mwanajeshi aliyewahi kuwa rais, akatwaa madaraka kwa mapinduzi. Ungedhani mazungumzo yamekufa. Nchi jirani zikaiwekea Burundi vikwazo vya uchumi, na Juni 1998 pande zikakaa tena, safari hii Arusha. Nyerere alifariki Oktoba 1999, Mandela akapokea usuluhishi, na mkataba ukasainiwa Agosti 28, 2000. Bado waasi wenye bunduki hawakusaini, na vita vikubwa vikaendelea hadi kundi kubwa kati yao, CNDD-FDD, lilipokubali kuingia serikalini mwaka 2003. Vikwazo navyo vilimuumiza mwananchi wa kawaida kabla ya kumgusa jenerali, na wanaovilaumu hawajakosea.

Kongo imepita njia hiyohiyo. Mwaka 2022 waasi wa M23 waliwekwa nje ya mazungumzo ya Nairobi. Januari 2025 waliteka Goma, mji mkubwa wa mashariki ya Kongo. Februari 8 wakuu wa nchi za Afrika Mashariki na Kusini, wakikutana Dar es Salaam, wakataka pande zote zizungumze moja kwa moja, M23 wakiwemo, na baadaye serikali ya Kinshasa ikakaa nao Doha.

Hapa ndipo hoja yangu inaponibana mwenyewe. Nikisema anayeweza kuvunja suluhu lazima aketi kikaoni, nimempa kiti mwenye bunduki, na nimewafundisha wengine kwamba kiti hupatikana kwa bunduki. Mjane wa Goma, mvuvi mwenye deni na mke aliyepigwa hawawezi kuvunja chochote, kwa hiyo hakuna anayeharakisha kuwaita. Kwa hao wawili wa huku kwetu, nguvu ya kukataa inatoka sehemu moja tu: mlango mwingine ulio wazi kweli. Kwa mvuvi, ni nakala yake ya daftari la mauzo, na deni lililoandikwa mbele ya uongozi wa mwalo kabla hajapanda mtumbwi. Kwa mke, ni kusikilizwa peke yake kabla ya kikao, na dawati la jinsia la polisi lisilomrudisha nyumbani kwa maneno ya "mkayamalize". Wazee watasema hayo yanaleta kutoaminiana. Huenda. Ila tajiri ambaye vijana wake wana nakala ya hesabu huzungumza nao kwa sauti tofauti, na kikao kikiitwa, kila aliyekaa juu ya ule mtumbwi anajua kwamba kijana anaweza kusimama na kuondoka.