Wafuasi 31,000, Namba ya Simu Hata Moja Hana

Jumatano iliyopita, saa tano kasoro usiku, simu yangu iliita. Alikuwa binti mmoja mwimbaji ambaye nimempigia besi kwenye shoo zake nne. "Shikamoo kaka, samahani kwa usiku huu." Kabla sijamaliza kuitikia alikuwa analia. Akaunti yake imeibwa. Alitumiwa linki na mtu aliyejifanya ni mfanyakazi wa mtandao wenyewe, akaingiza neno la siri, na kabla hajakaa sawa jina limeshabadilishwa, picha imebadilishwa, na wafuasi wake 31,000 wameanza kupokea matangazo ya sarafu za kidijitali. Miaka 3 ya kuposti kila siku imeondoka hivyo. Shoo yake ya kwanza ya kuuza tiketi mwenyewe ilikuwa imebakiza siku 16.

Nilimwacha alie mpaka atulie. Kisha nikamuuliza, "Kati ya hao 31,000, una namba za simu za wangapi?"

Alinyamaza hadi nikadhani simu imekatika. "Sina, kaka. Ninazo za ndugu zangu na za wanabendi tu."

Tangu usiku ule nina uchungu, na si kwa sababu ya mwizi peke yake. Ninatuonea uchungu sisi tuliomtangulia kwenye kazi hii. Binti huyu amehudhuria semina, amesikiliza mameneja na maprodyuza, amekaa na wanamuziki wa umri wangu, na wote tulimwambia jambo moja: posti, posti tena, usikose siku. Katika wote hao hakuna aliyemwambia aandike majina ya watu wanaokuja kumsikiliza. Na mimi sikumwambia, ingawa jambo hilo nalijua.

Basi leo nalisema. Mwanamuziki anayeishi kwa muziki anahitaji orodha ya wasikilizaji wake, yenye majina na njia ya kuwafikia, na orodha hiyo ikae mikononi mwake. Wafuasi wa mtandaoni ni watu wa mtandao huo. Wewe umeazimwa, na nguo ya kuazima haisitiri matako.

Mifano ipo tele. Miaka ya 2000 mtandao wa kijamii wa MySpace ndio ulikuwa nyumba ya wanamuziki wasio na kampuni. Watu walipandisha humo rekodi zao, wakakusanya marafiki, wakajaza kumbi. Machi 2019 kampuni hiyo ilikiri kwamba katika kuhamisha seva imepoteza muziki wa miaka mingi, na makadirio yaliyotajwa yalikuwa ya nyimbo zaidi ya milioni 50. Baadaye zilipatikana takriban 490,000 tu, kwa sababu watafiti fulani walikuwa wamezinakili zamani kwa shughuli zao. Vine nayo, mtandao wa video fupi, ilifungwa Januari 2017. Juni 2020 India ilipiga marufuku TikTok, na wasanii waliokuwa wamejenga majina yao humo wakaamka hawana pa kusemea na mashabiki wao. Mwanzoni mwa 2024 mkataba kati ya TikTok na Universal Music Group, kampuni kubwa ya muziki, ulikwisha bila kupatikana mwingine, nyimbo za wasanii wa kampuni hiyo zikaondolewa na video zilizozitumia zikawa bubu, mpaka wakubwa walipoelewana mwezi Mei. Msanii aliyekuwa anatoa wimbo mwezi Machi alifanya kosa gani?

Hata mtandao ukiwa mzima, bado humjui mtu wako. Fungua takwimu zako za Spotify, mtandao wa kusikilizia muziki: utaonyeshwa miji, umri, idadi ya waliokusikiliza. Huonyeshwi jina. Mtu amerudia wimbo wako mara 60 mwezi huu, pengine kwa sababu amefiwa na wimbo huo ndio unaompa usingizi, na wewe huna namna ya kumwambia kwamba utaimba mtaa wa pili na anapoishi. Ndiyo maana nawaheshimu Bandcamp, mtandao wa kuuzia muziki: mtu akinunua kazi yako na akakubali kupata habari zako, barua pepe yake unapewa wewe.

Jambo hili lilikuwepo kabla ya intaneti. Mwaka 1971 bendi ya Grateful Dead ya Marekani iliweka tangazo ndani ya jalada la albamu yake, ikiwaomba mashabiki watume majina na anwani ili wawe wanapewa habari. Watu waliandika kwa mkono, wakabandika stempu, wakatuma. Bendi ikawa na orodha yake, na kufikia 1983 ilikuwa inawauzia mashabiki tiketi moja kwa moja kwa njia ya posta. Bendi ya Marillion ya Uingereza nayo, walipofika mahali mikataba ya makampuni haiwasaidii tena, waliwaandikia mashabiki waliokuwa nao kwenye orodha ya barua pepe wakiwaomba walipie albamu ambayo hata haijarekodiwa. Zaidi ya watu 12,000 walilipa, na albamu ikatoka 2001. Wanabendi hao hawakuwa maarufu tena kama zamani. Walikuwa na anwani za watu waliowapenda.

Nitaeleza tunavyofanya sisi.

Nilianza daftari langu baada ya bendi yangu ya kwanza kuvunjika. Meneja wetu aliondoka na simu yake, na humo ndimo zilimokuwa namba zote: za wenye kumbi, za waliotualika harusini, za mashabiki waliokuwa wakipiga kuuliza tunapiga wapi wikiendi. Miaka 6 ya kazi ilitoka mlangoni ndani ya mfuko wa suruali ya mtu mwingine. Nikaenda kununua daftari gumu, nikachora safu 3: jina, namba, na wimbo ulioupenda leo.

Hiyo safu ya tatu ndiyo nisingekubali kuiacha. Usiku mmoja mzee mmoja aliyekuwa amekaa peke yake safu ya pili alisimama mezani, akachukua kalamu, akaandika jina lake taratibu kwa herufi kubwa, akafika safu ya tatu akasita. Hakujua jina la wimbo. Akaandika: "ule wa taratibu, wa mama". Wimbo huo tulikuwa tumekwisha kubaliana kuutoa kwenye orodha ya shoo kwa sababu mtandaoni hakuna aliyeujali. Nilipolipitia daftari nyumbani nikakuta watu wengine 7 wameutaja, kila mmoja kwa maneno yake. Tuliurekodi mwaka huohuo, na mtu wa kwanza kutumiwa alikuwa mzee yule. Alinipigia simu. Hakusema mengi, alinishukuru tu, akauliza tutapiga tena lini.

Meza ya daftari iwekeni karibu na mlango wa kutokea, wala msiiweke jukwaani. Tangazeni kabla ya wimbo wa mwisho, maana wimbo wa mwisho ukiisha watu wanatafuta usafiri. Kalamu ifungeni kamba, nimepoteza nyingi. Na hapo mezani asimame mtu mwenye uso wa kukaribisha, amwombe kila anayepita kwa mdomo wake. Kwenye shoo moja ya watu kama 90 tuliliacha daftari peke yake tukapata majina 6. Shoo iliyofuata, ukumbi uleule, dada yangu alisimama pale akapata 41. Sisi wasanii tunaona haya kuomba. Tunaweza kuimba mapenzi yetu yote mbele ya umati, lakini kumwambia mtu mmoja "naomba namba yako nikujulishe tukipiga tena" kunatushinda.

Ukishaipata namba, iheshimu. Mwambie utamtumia nini na mara ngapi. Mwandikie ndani ya siku 2, angali anaukumbuka usiku ule, umwite kwa jina lake, umtajie wimbo wake. Baada ya hapo ujumbe mmoja kwa mwezi unatosha, na uwe na jambo: shoo, wimbo mpya, au habari ya kweli. Akisema imetosha, mfute siku hiyohiyo. Umoja wa Ulaya una sheria inayotumika tangu 2018, inayotaka mtu aambiwe taarifa zake zitatumikaje na aweze kujitoa, lakini hata pasipo na sheria ni adabu. Kwenye WhatsApp ujue kwamba ujumbe wa orodha ya matangazo (broadcast) unamfikia tu yule aliyehifadhi namba yako, na orodha moja haizidi watu 256. Kwa hiyo mwombe akuhifadhi palepale mezani, simu ikiwa mkononi. Kila baada ya shoo piga picha kurasa za daftari, andika majina kwenye jedwali, weka nakala mahali pawili. Kama mko bendi, kila mmoja awe na nakala yake. Hilo nilijifunza kwa machozi.

Najua jibu linalokuja: mitandao ndiyo inayomleta mtu asiyekujua. Nakubali, shingo upande, lakini nakubali. Video ya nusu dakika inaweza kukufikisha mahali ambapo besi yangu haitafika hata nikiibeba begani maisha yangu yote, na nimeona wasanii wakitolewa gizani na video moja. Endelea kuposti. Ninachokuomba ni kwamba kila unachoposti kimwonyeshe mtu mlango wa kwako, aingie uandike jina lake. Binti huyu aliwahi kupata video iliyotazamwa mara 400,000. Niliiona, nilifurahi naye. Wiki mbili baadaye tulipiga mbele ya watu 35.

Mengine ya kazi hii nitayagusa tu, kila moja linastahili siku yake. Kabla hamjatoka studio, andikeni nani ana asilimia ngapi ya wimbo na kila mtu atie sahihi, prodyuza naye akiwemo. Sajili nyimbo zako kwenye chama cha hakimiliki. Usinunue wasikilizaji wa bandia: Spotify huwatoza faini wasambazaji, yaani kampuni zinazowapelekea wasanii nyimbo zao huko, wakipeleka nyimbo zenye udanganyifu huo, na msambazaji atakugeukia wewe. Tangu 2024 Spotify hiyohiyo hailipi chochote kwa rekodi ambayo haijafikisha kusikilizwa mara 1,000 katika miezi 12, kwa hiyo anayetegemea hapo apige hesabu zake vizuri. Na mwandaaji wa shoo akikuambia hana pesa ila utapata jina, mwambie unakubali kwa sharti daftari lako likae mlangoni kwake. Akikataa hata hilo, baki nyumbani ufanye mazoezi.

Akaunti ya binti haijarudi. Amejaza fomu, ametuma picha ya uso wake, amejibiwa na mashine mara 3 kwa maneno yaleyale. Jumamosi alikuwa na kazi ndogo ya kuimba kwenye hafla ya watu wachache, nami nikampigia besi. Nilimpelekea daftari jipya na kalamu yenye kamba. Kabla ya wimbo wa mwisho alishika kipaza sauti akaeleza yaliyompata, bila kupamba, akaomba majina. Watu 22 walipanga mstari kwenye kimeza kidogo mlangoni. Mama mmoja aliandika jina lake, halafu akaandika na la binti yake aliyebaki nyumbani.

Jana usiku mwimbaji wetu alinitumia picha ya ukurasa wa kwanza. Ameshawapigia watu 21, na 14 kati yao wamesema watanunua tiketi. Namba moja imemsumbua: tarakimu ya mwisho imeandikwa haraka, haijulikani ni 1 au ni 7, na kwenye safu ya wimbo mtu huyo ameandika "zote". Kwa 1 alipokea mtu ambaye hakuwepo kwenye hafla. Leo anajaribu 7.