Eti Pikipiki Ilipandaje Ngazi?

Najua wengi wenu mmeshaipata ile voisi ya kikao cha wapangaji wa jengo letu hapa Tanga. Shoga yangu kairekodi huku anacheka mpaka anakohoa, kaitupa kwenye grupu la kikoba, kikoba kikaitupa kwenye grupu la harusi, na jana muuza mihogo pale Chumbageni kaniuliza kama pikipiki yangu imeshatoka bafuni. Namwita shoga kwa mazoea tu, cheo chenyewe kiko chini ya uchunguzi. Basi nisikilizeni na mimi, maana mle ndani kuna uongo mmoja mkubwa, eti nililia. Sikulia. Macho yalitoka maji kwa sababu ya upepo. Raskazone kuna upepo, anayebisha nauli yake ya bajaji nitamlipia.

Jengo letu lina ghorofa kadhaa, mimi nakaa ya pili, na chini yangu anakaa Bi Mkubwa mmoja mstaafu, mtu wa udi na zulia zito. Zamani tulikuwa tunaongea na baba mwenye nyumba moja kwa moja. Unampigia, "Shikamoo baba, koki inavuja," anakuja mwenyewe na spana. Mwaka huu kaamua kupumzika, jengo kaliachia uongozi. Uongozi ni kijana mmoja wa shati la kuchomekea, ofisi yake ni kile chumba kilichokuwa cha mlinzi, na kila kitu kwake ni tangazo. Takataka, tangazo. Kanga kwenye varanda, tangazo. Mwisho akaja na mkataba mpya, na humo ndani kuna kipengele: kila mpangaji awe na bima ya vitu vyake vya ndani pamoja na dhima kwa majirani, yaani ya kulipa hasara utakayowatia, cheti kifike ofisini kabla ya kodi inayofuata.

Tanga hii hii! Tulisimama ngazini tukalalamika kwa ustadi, na msemaji mkuu alikuwa nani? Nilimwambia meneja kwamba sheria ya nchi inalazimisha bima ya chombo cha moto, Sura ya 169, ndiyo maana trafiki anakusimamisha. Mpangaji wa chumba na sebule hayumo. Kijana akaniacha nimalize, akajibu polepole, "Ni kweli dada, sheria haikulazimishi. Mkataba ndio unaokulazimisha, na umesaini kila ukurasa." Akaendelea kufafanua kwamba mwenye nyumba kakata bima ya jengo, yaani kuta na paa. Friji lako, runinga, makochi na zile sahani za harusi usizowapa wageni, humo hazimo. Tena maji yako yakimwagikia wa chini, hiyo ni hasara yako wewe na yeye, mwenye jengo hayupo hapo. Maelezo safi kabisa. Mimi nilikuwa naangalia kiatu chake, nawaza mtu anang'arisha kiatu hivyo kwa vumbi gani.

Sasa, nina pikipiki. Siiendeshi, nimempa kijana anapiga bodaboda, jioni analeta hesabu. Ina bima ndogo kama za wenzake wote pale kijiweni, ile inayomlipa mtu wa nje ikimgonga, pikipiki yenyewe haimo, na cheti chake kimo kwenye simu yangu: kina jina langu, namba ndefu, tarehe ya kuanza na ya kuisha. Siku meneja alipoandika kwenye grupu la wapangaji, "Ambao hawajawasilisha cheti cha bima, leo ndiyo mwisho," nikakituma. Kaomba cheti cha bima, kapewa cheti cha bima, ugomvi uko wapi? Akajibu kwa kidole gumba. Jamani, kidole gumba kile! Nilimpigia shoga tukacheka mpaka salio likaisha, nikamwambia mambo ya maofisini ni karatasi tu mwaya, hakuna anayesoma.

Basi maji yakakatika. Wa mjini mnajua ilivyo, unafungua koki, inakohoa, inatoa hewa, unaiacha. Nani aliiacha ile ya bafuni wazi, na nani aliweka furushi la nguo chafu juu ya tundu la kutolea maji, tusifukue makaburi. Mimi nilikuwa uwanjani Mkwakwani nawatazama Wagosi wa Kaya, Coastal Union yetu. Maji yakarudi kipindi cha kwanza.

Niliporudi nilimkuta Bi Mkubwa uani, kakaa kwenye kiti cha plastiki, kajitanda kanga, hasemi. Mtu wa pwani akinyamaza, kimbia. Nikaingia kwake kuchungulia: dari la jipsamu limetuna kama andazi, na hapo hapo mbele ya macho yangu likaachia. Zulia, godoro, cherehani, vyote.

Usiku ule nilimpigia wakala aliyenikatia bima ya pikipiki, sauti tamu, na heri ya mwezi mpya juu, ingawa mwezi ulikuwa umeshachakaa. Nikamwambia nimefikiria sana, nataka ya nyumba.

"Vizuri dada. Ianze lini?"

"Ianze jana."

Akanyamaza kidogo. "Na hasara imetokea lini?"

"Leo jioni."

"Dada yangu, bima hukatwa kwa ajili ya kisichotokea. Kikishatokea, hicho ni deni." Akanitakia usiku mwema. Wakala mzima, mtu anayekusumbua mwezi mzima ukate bima, siku umeamua anakutakia usiku mwema!

Kikao kikaitwa kesho yake baada ya alasiri, pale uani chini ya mwarobaini. Wapangaji wote walikuja, mpaka wale ambao huwa hawafungui mlango siku ya mchango wa taka. Shoga yangu hakai jengo letu, lakini alikuja "kunipa moyo", simu mkononi. Hapo ndipo mnisikilize vizuri, maana voisi imeparuka sehemu hii.

Meneja kasimama. "Ndugu wapangaji, msiwe na hofu. Hili ndilo jambo tulilolisema, na kwa bahati nzuri dada yetu cheti alileta mapema." Watu wakanipigia makofi. Naapa, walinipigia makofi! Bi Mkubwa akanishika mkono, "Mungu akuzidishie mwanangu, kumbe una akili, na mimi usiku kucha nakusengenya." Nikainamisha kichwa kwa unyenyekevu. Mtu akiniuliza saa ile ningeweza kusema ukweli au la, jibu ni kwamba mkono wangu ulikuwa umeshikwa.

"Nataka tu namba, nimsaidie kujaza fomu ya madai," meneja akasema, akatoa simu, akavaa miwani. Ile miwani sikuwa najua anayo.

"Jina la mkata bima." Akalisoma jina langu lote, mpaka la babu. "Sawa."

"Kuanza, kuisha... sawa, bado iko hai."

"Basi tusiwachoshe watu," nikasema.

"Kilichokatiwa bima." Kidole chake kikasimama. Kikavuta ile picha, ikawa kubwa. Kikavuta tena. Akaisogeza simu mbali, akaileta karibu. Kunguru wakalia juu ya mwarobaini, na mtoto wa mtu akaambiwa anyamaze. Nilihesabu vifungo vya shati la meneja kutoka juu kwenda chini, nikarudi tena juu.

"Pikipiki," akasema, kwa sauti ya mtu anayejiuliza mwenyewe. Halafu akasoma kwa sauti ya wote, kwa sababu yeye ni mtu wa utaratibu: "Pikipiki. Nyekundu. Viti viwili. Matumizi, kubeba abiria kibiashara."

Kimya. Kisha mwalimu wa ghorofa ya tatu, mtu mzima, na kalamu mfukoni, akauliza taratibu, "Samahani. Pikipiki ilipandaje ngazi?"

Hapo mwenye busara angeomba kwenda chooni. Mimi nikasimama nikatetea hoja. Nikasema bima hiyo kazi yake ni kulipa mtu wa tatu, sasa Bi Mkubwa si mtu wa tatu? Bi Mkubwa akauachia mkono wangu. "Mwanangu," akasema, "mimi ni wa chini. Wa tatu ni mwalimu."

Watu waliangukiana. Meneja peke yake hakucheka, na hilo ndilo lililoniuma, kwa sababu aliendelea na fomu. "Inauliza ajali ilitokea barabara gani." Sauti ikatoka nyuma, "Andika Barabara ya Ishirini, maji yalifika Ngamiani!" Meneja akaingiza namba ya usajili kwenye mfumo wa TIRA, ile mamlaka ya bima, kuhakiki, sijui kwa ajili ya nini, akatangaza kwamba bima ni halali kabisa. Ahsante. Hilo nalo tulishukuru.

Na geti likafunguliwa.

Niliusikia ule mlio kabla sijaiona. Kijana wangu, siku zote huja magharibi, siku hiyo kawahi. Akaingia mpaka katikati ya kikao, akapiga stendi, akavua helmeti. Nyekundu. Viti viwili. Meneja akatazama kibao cha namba, akatazama simu, akatazama kibao. "Ndiyo yenyewe," akasema. Shingo zote za Raskazone zikageuka kuitazama ile pikipiki kama nayo ni mshitakiwa.

"Shikamooni wazee," kijana akasema, mtoto ana adabu yule. Kisha akanigeukia. "Bosi, hesabu ya leo pungufu, tairi la nyuma limepasuka. Si ulisema bima tunayo?"

Shoga yangu alikaa chini mchangani, na simu bado inarekodi.

Mengine yaende haraka. Dari nimelipa, fundi rangi nimelipa, godoro nalipa kidogo kidogo, zulia lilianikwa likapona. Cherehani Bi Mkubwa mwenyewe alisema ilikuwa mbovu tangu zamani, Mungu ampe umri. Bima ya vitu vya ndani na ya kumwagikia majirani nimekata, na ada ya mwaka mzima haikufika bei ya lile godoro, msiniulize nilijisikiaje. Kwenye ubao wa getini kuna tangazo jipya: "Vyeti vya vyombo vya moto havipokelewi." Jina langu halikuandikwa, na hakuna mtoto wa shule anayepita pale asiyelijua.

Ila nilipokwenda ofisini kupeleka cheti cha kweli, nilimkuta mwalimu wa ghorofa ya tatu kainama mezani, anaongea chini chini, anaomba na yeye abadilishiwe kilichomo kwenye faili lake. Meneja alikuwa ameshakitoa. Nilikiona vizuri, kipo na picha: kadi ya bima ya afya. Tena ya mkewe.