Mheshimiwa asiyegawa jezi

Kwenye duka la pembejeo ninakonunua mbegu hapa Katesh, wilayani Hanang mkoani Manyara, ukutani juu ya mizani, kuna kalenda ya mheshimiwa mmoja, mbunge. Mwenyewe yuko katikati, suti ya bluu, mkono mmoja juu kama anayesimamisha basi. Pembeni yake, kwa maandishi madogo, yamepangwa mafanikio: matundu ya vyoo, madawati, mabati ya zahanati, mipira na jezi, trekta la kikundi. Orodha hiyo nimeshaikariri, maana foleni ya mbolea ya ruzuku ni ndefu na mtandao wa kuhakiki namba za wakulima una tabia ya kukata ukikaribia dirishani. Kila nikiisoma naona pengo lilelile. Hakuna sheria hata moja. Hakuna muswada aliouandika, aliourekebisha wala aliouzuia. Mgeni asiyeijua Tanzania akipewa kalenda ile ataamini huyu bwana ni mkandarasi mwenye duka la vifaa vya michezo.

Sidharau vyoo. Mimi ni mwalimu, najua shule isiyo na vyoo inavyomrudisha nyumbani binti wa darasa la saba. Lakini mimi pia nalima mahindi na mbaazi, na kilichonipiga zaidi katika kilimo changu hakikutoka kijijini. Agosti 2017 India iliweka ukomo wa mbaazi inazonunua nje, na huku Manyara bei ikaanguka mpaka jirani yangu akaacha ekari mbili bila kuvuna. Gharama ya kuvuna ilizidi bei ya gunia. Pigo la namna hiyo hulizuii kwa jezi. Unahitaji mtu anayekaa mahali sheria zinapotungwa, anayeelewa gunia ni nini, na anayeweza kuona jambo likija kutoka mbali.

Ndiyo maana nimekuwa nikimsoma mkulima mmoja wa Marekani, Jon Tester. Wengi wanamjua kama seneta katika bunge la taifa huko Washington, kazi aliyoifanya kuanzia 2007 mpaka Januari 2025 baada ya kushindwa uchaguzi wa 2024. Huko Washington sina habari nako leo. Ninachokitaka ni ile miaka minane ya kabla, alipokuwa mbunge katika bunge la jimbo lake, Montana. (Neno "jimbo" litatuchanganya hapa. Kwetu jimbo ni eneo la mbunge mmoja. Huko jimbo ni Montana yote, yenye bunge lake, gavana wake na mahakama yake ya juu. Nikisema bunge la jimbo, namaanisha hilo.)

Kwao ni Big Sandy, mji wa watu kama 600 kaskazini mwa Montana, katika Kaunti ya Chouteau, nchi ya ngano mpaka upeo wa macho. Babu na bibi yake walihamia pale miaka ya 1910, serikali ilipokuwa ikigawa ardhi kwa aliyekuwa tayari kuilima. Ardhi hiyo ilikuwa na wenyewe kabla yao, na sisi wa Hanang, tunaojua mashamba ya ngano ya Basotu yalivyowakuta Wabarbaig, wafugaji walioondolewa kwenye ardhi yao kuyapisha, hatuhitaji kuelezwa zaidi. Shamba lao lina kama ekari 1,800. Kwetu ungekuta kitongoji kizima ndani yake. Kwao ni shamba la familia, la mume, mke na mashine.

Wazazi wake walikuwa na bucha hapohapo shambani. Akiwa na miaka 9, mashine ya kusaga nyama ilimchukua vidole vitatu vya kati vya mkono wa kushoto. Mkono huo ukabaki na dole gumba na kidole cha mwisho. Kijana akapiga tarumbeta, ambayo vitufe vyake hubonyezwa kwa mkono wa kulia, akasomea muziki, akafundisha muziki shule ya Big Sandy, akaendesha shamba na bucha, akakaa kwenye bodi ya shule. Mwishoni mwa miaka ya 1980 yeye na mkewe wakaacha dawa na mbolea za viwandani, wakaingia kilimo hai. Ukitazama picha zake za kampeni, ule mkono hajauficha, anaupunga kama wengine.

Sasa umeme. Mwaka 1997 bunge la Montana lilipitisha sheria ya kufungua soko la umeme. Hoja ilikuwa ileile tunayoisikia kila mahali: ushindani utashusha bei. Montana Power, kampuni iliyowapa watu umeme nafuu wa maji na makaa ya mawe kwa miongo mingi, ilikuwa mstari wa mbele kuitaka sheria hiyo. Baada ya hapo iliuza mabwawa na mitambo yake kwa kampuni ya Pennsylvania, ikajigeuza kampuni ya mawasiliano kwa jina la Touch America, na 2003 ikafilisika. Mwaka 2000, bei za umeme zilipochachamaa magharibi yote ya Marekani, mgodi wa shaba wa Butte ulisimamisha kazi kwa sababu haukuweza kulipia umeme. Na mabwawa yale? Mwaka 2014 kampuni ya NorthWestern, iliyokuwa imechukua nyaya na wateja wa Montana Power, iliyanunua 11 kwa takriban dola milioni 900. Jimbo liliuza ng'ombe likaja kununua maziwa, kisha likamnunua tena ng'ombe yuleyule, mzee, kwa bei mpya.

Tester aligombea 1998, na hasira ya jambo hilo la umeme ilikuwa sababu mojawapo. Nampa alama ya kwanza hapo, kabla hajafanya lolote. Hakugombea kwa sababu barabara ya kwao ni mbovu. Aligombea kwa sababu ya sheria mbovu. Mkulima hauzi umeme, lakini anaulipia: feni za kupuliza hewa kwenye maghala ya nafaka, karakana, friza za bucha. Na hana wa kumpandishia bei kwa upande wake, kwa sababu ngano anauza kwa bei anayoikuta.

Kuna kitu kingine kuhusu bunge lao ambacho ningependa wabunge wetu wakione kwa macho. Linakutana mara moja tu kila miaka miwili, siku zisizozidi 90, kuanzia Januari ya mwaka witiri. Mbunge hulipwa kwa siku za kikao, hana msaidizi wake binafsi wa kulipwa na bunge, na kikao kikiisha anarudi kwenye kazi yake. Hesabu hiyo ni ya kikulima kabisa. Januari ardhi ya Montana imeganda kama saruji. Ngano iliyopandwa Septemba imelala chini ya theluji, haihitaji mtu. Unafunga nyumba, unaendesha zaidi ya kilomita 250 kwenda Helena, makao makuu ya jimbo, unatunga sheria, na mwishoni mwa Aprili unarudi mbio kwa sababu ngano ya masika inataka kupandwa na haisubiri hotuba. Mtu aliyepitisha muswada wiki iliyopita yuko kwenye trekta wiki hii, na anayemuuzia dizeli ana maswali.

Katika mazingira hayo alipanda polepole: mnadhimu wa chama chake, Democratic, kisha kiongozi wa wachache, na 2005 chama kiliposhika viti 27 kati ya 50 akawa rais wa Seneti ya jimbo, ile nyumba ya bunge aliyokuwamo, yaani spika wake.

Na 2005 ndiyo mwaka wa sheria yake kubwa. Jina lake ukiliweka kwa Kiswahili linakuwa refu: sheria ya uzalishaji wa umeme jadidifu na maendeleo ya uchumi wa vijijini. Soma tena ile sehemu ya pili. Kwa maneno mepesi, iliwaambia wauzaji wa umeme kwamba asilimia 5 ya umeme wanaouza itoke kwenye upepo, jua na vyanzo vya aina hiyo kufikia 2008, asilimia 10 kufikia 2010, asilimia 15 kufikia 2015. Upepo kule haununuliwi, unavuma siku nzima ukikukera. Ukisimamisha nguzo ya mtambo kwenye shamba la mtu, analipwa kwa kukodisha ardhi, na ng'ombe wanaendelea kula chini yake. Mwaka usio na mvua, ngano inapogoma, kodi ile haigomi.

Ndani ya sheria hiyo kulikuwa na kipengele ambacho mimi nakipenda kuliko vyote: kampuni zilitakiwa kununua kiasi fulani cha umeme kutoka miradi midogo inayomilikiwa na wenyeji. Kwa hiyo mkulima angekuwa na hisa kwenye mtambo, asiishie kupokea kodi tu.

Hapa ndipo kalamu nyekundu inapoingia. Kipengele hicho kizuri ndicho kilichotekelezwa vibaya kuliko vyote. Masharti ya bei yalikuwa magumu, miradi midogo ilikuwa michache, na NorthWestern iliomba kusamehewa zaidi ya mara moja. Hata ule mradi wa upepo unaotajwa sana kama tunda la sheria hiyo, Judith Gap, wenye mitambo 90 na megawati 135, ulianza kujengwa mwaka uleule sheria ilipopita. Mtu yeyote aliyewahi kujenga hata banda la kuku anajua kitu cha ukubwa huo hakianzi na kuisha mipango ndani ya miezi. Sheria iliukuta mradi ukiwa na mizizi. Ilichofanya ni kuwahakikishia waliofuata kwamba soko lipo.

Kisha 2021 bunge la jimbo hilohilo, sasa likiwa mikononi mwa Republican, likaifuta sheria nzima. Waliofuta walisema imeshatimiza kazi yake. Waliopinga walisema ndiyo kwanza imeanza kuzaa. Mimi nimebaki nikiwaza jambo jingine: sheria inaweza kufutwa kwa kura ya mchana mmoja, choo hakifutwi kwa kura. Pengine mheshimiwa wa kalenda ameliona hilo kabla yangu. Lakini mitambo iliyosimama wakati sheria ipo bado imesimama, na mikataba ya ardhi haikufutwa pamoja nayo.

Mengine aliyokuwa akiyataja Tester kama mafanikio ya Helena nayapitia haraka, kama nisahihishavyo daftari la mwisho saa nne usiku. Mpango wa dawa kwa wazee, Big Sky Rx, unaowasaidia wenye kipato kidogo kulipia mchango wa kila mwezi wa bima ya dawa: alama nzuri, maana kijijini wazee ndio wengi na vijana wameshaondoka. Kufufua nembo ya "Made in Montana" kwa bidhaa za nyumbani: alama chache. Nembo inamsaidia mwenye asali na jemu. Ngano inapakiwa kwenye mabehewa kwenda pwani kuvuka Pasifiki, haina uso wala jina. Ongezeko kubwa la fedha za shule: hapa namkata. Alihusika, sikatai, lakini kilichowasukuma wabunge ni mahakama. Mahakama ya juu ya jimbo ilikuwa imeamua kwamba mfumo wa kugharamia shule unakiuka katiba, na baada ya uamuzi kama huo hata bunge la wavivu lingetafuta fedha. Anayestahili sifa zaidi ni waliofungua kesi, wakiwemo watu wa shule zenyewe. Mtunga sheria mwema angesema "nilikuwepo, nikapiga kura," akaishia hapo. Huu ugonjwa wa kujiandikia kila kitu upo hata kwa wakulima.

Pamoja na makato yote hayo, ukinipa orodha yake na ile ya kalenda nitachukua yake, kwa sababu inaweza kubishaniwa. Ninaweza kuuliza: asilimia 15 ilifikiwa? Nani alipata hisa? Kwa nini ilifutwa? Jezi huziulizi chochote. Unazivaa, zinachakaa.

Wiki iliyopita, mtandao ukiwa umekata tena, nilimsimulia mama mwenye duka habari zote hizi: bucha, vidole, umeme, upepo, bunge la siku 90. Alisikiliza vizuri, akihesabu viroba vya mbegu. Nilipomaliza akanyanyua macho kwenye kalenda.

"Mwalimu, sasa huyo wa vidole saba, barabara ya kwao alitengeneza?"

Nikamwambia barabara haikuwamo kwenye orodha.

"Jezi?"

"Hakuna."

Akacheka mpaka akashika mizani. Kisha mtandao ukarudi, akaniita namba yangu ya mkulima, akanikatia risiti ya mfuko mmoja wa mbolea ya DAP.